Vidato Kumi na Kimoja

Kuna ngazi ya mawe pwani kwetu Bamburi, mwendo mfupi kutoka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Ni ngazi ya wapita njia, imebanwa kati ya viwanja viwili vyenye kuta ndefu, na ukimaliza kuishuka unakanyaga mchanga. Kwa miaka mingi niliipanda na kuishuka bila kuihesabu. Watoto huishuka mbio, muuza madafu hukalia kidato cha pili kwa sababu kina kivuli, nami nilikuwa na mawazo yangu ya Jumamosi.

Hesabu yake niliijua mwezi wa saba mwaka wa 2022. Nilishuka asubuhi nikakuta mchanga hauko. Vidato ambavyo sikuwahi kuviona vilikuwa nje, vyeusi, vimeota ukoga, na chini ya kile cha mwisho jiwe lilikuwa tupu. Nikahesabu: kumi na kimoja. Pembeni, mizizi ya mvinje ilikuwa ikining'inia hewani kama kamba zilizokatika. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la mtaa, nikaandika kwamba pwani yetu imekwisha, bahari imeila. Watu wakasikitika, wakaisambaza. Jioni nikapigiwa simu na mzee jirani yetu, mvuvi tangu ujana wake, ambaye mtaa mzima twamwita Nahodha.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Nimeonyeshwa picha yako. Huo mchanga, nani amekwambia umekufa?"

Nikamweleza nilichokiona.

"Hukuona vibaya. Lakini umeona siku moja. Huu mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, na juzi maji yalikuwa ya bamvua, yale makubwa. Mchanga umekwenda safari. Ngoja upepo wa kaskazi ukae, kisha ushuke tena ukahesabu."

Nilingoja. Mwezi wa pili mwaka wa 2023 nikashuka, na vidato vilivyokuwa nje vilikuwa vitano. Sita vilikuwa chini ya mchanga mweupe, laini, uliolala hadi kwenye shina la mvinje kana kwamba haukuwahi kuondoka. Nilisimama pale kwa muda. Furaha nilikuwa nayo, lakini kilichonikaa moyoni ni kingine: mimi mwalimu, ninayewafundisha watoto kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, nilikuwa tayari kuapa kwamba pwani imekufa kwa kuangalia asubuhi moja. Na mtu aliyenisahihisha alikuwa na kumbukumbu ya misimu mingi kichwani mwake, na hakuna mahali popote ilipoandikwa.

Ndipo nikanunua daftari.

Sikuwa peke yangu. Tuko sita: mimi, muuza madafu wa kidato cha pili, kijana mmoja anayeokoa waogeleaji, msusi mwenye duka karibu na barabara, na wanafunzi wawili wa sekondari, msichana na mvulana. Hakuna anayelipwa. Kipande chetu ni kama kilomita moja na nusu, kutoka ufuo wa umma kuelekea upande wa Nyali. Kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, eneo la kilomita za mraba 200 pamoja na mbuga yenyewe ya kilomita za mraba 10 ambamo uvuvi hauruhusiwi. Mlinzi wa KWS, shirika la wanyamapori, na mtafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi kule Mkomani, wana kazi kubwa kuliko hiki kipande chetu. Sisi tunacho hiki tu, na kwa sababu ni hiki tu, tunaweza kukiangalia kila mwezi bila kukosa.

Tunashuka siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtu wa Mombasa hahitaji kuambiwa sababu, lakini kwa msomaji wa bara nitasema: siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, bahari husogea kidogo na kurudi kidogo. Bamvua ndiyo inayoonyesha ukweli wa pwani pande zote mbili, ulipo mwamba maji yakiwa yamekwenda, na yanapofika mawimbi yakiwa yamejaa. Bamvua za mwezi wa tatu na wa tisa ndizo kubwa zaidi, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku hizo hata msusi hufunga duka.

Picha ni rahisi. Unasimama pale pale, juu ya jiwe lile lile tulilolitia alama ya rangi nyekundu, unaelekeza simu pale pale, ukiweka ncha ya ukuta pembeni kushoto na mwamba mbele. Ukibadilisha mahali hata hatua tatu, picha ya mwezi huu haizungumzi tena na ya mwezi uliopita.

Kupima mteremko ndiko kulikotushughulisha, na ndiko ninakokupenda. Rafiki yangu aliyesomea sayansi ya bahari alitufundisha njia iliyoelezwa na mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery mwaka wa 1961. Haitaki umeme wala mashine. Inataka fito mbili zenye urefu sawa, kamba, na upeo wa bahari. Nahodha alitupa pondo yake ya zamani, ile ya kusukumia mtumbwi kwenye maji madogo. Seremala akaikata vipande viwili vya mita moja na nusu, akavipaka rangi nyeupe na nyekundu, akavitia mistari ya sentimita. Mtu mmoja anasimama na ufito upande wa nchi kavu, mwingine anashuka na wake kuelekea majini mpaka kamba ya mita 2 inyooke. Yule wa juu anashusha jicho kando ya ufito wake mpaka kichwa cha ufito wa mwenzake kiguse ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Pale jicho lilipo anasoma mstari. Sentimita hizo, kuanzia kichwa cha ufito kushuka mpaka jichoni, ndizo ambazo mchanga umeinama kati ya watu hao wawili. Anazitaja kwa sauti, mwenye daftari anaandika, na wote wawili wanasogea mita 2. Hivyo hivyo mpaka majini. Ukichora nambari zile kwenye karatasi ya miraba unapata umbo la pwani siku ile, tumbo lake na mgongo wake.

Msichana wetu ndiye mwenye jicho. Huinama, hushikilia pumzi, kitambaa chake kikipepea, na hutaja nambari kama muadhini asiyetaka kukosea hata herufi moja. Akisema "kumi na nne", sote twajua ni kumi na nne.

Mwaka wa kwanza wa daftari ulitufundisha tulichokwisha kuambiwa. Mwezi wa nne kusi huanza kuingia, na mawimbi yake hupiga pwani kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini, mwingine huvutwa chini ya maji. Ikifika kaskazi, mawimbi hugeuka na kupoa, na sehemu kubwa ya mchanga hurudi. Wenyewe mchanga huu mweupe kwa sehemu kubwa ni matumbawe na magamba yaliyosagika. Na msagaji mmojawapo ni pono, samaki yule yule ambaye mtu akilala fofofo twasema amelala kama pono. Mchana pono huukwangua mwamba kwa meno, humeza chembe za matumbawe pamoja na chakula chake, na hutoa mchanga. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilifikiria pono wote niliowala wa kupaka. Mwamba ukifa, kama ulivyoumia kwa joto la maji mwaka wa 1998, ufuo pia hupoteza mlezi.

Sitakaa sana kwenye takataka, ingawa watu wanaponiuliza kuhusu kujitolea pwani hudhani ndilo jambo lenyewe. Tunapima mita 100, tunaokota kila kitu, tunahesabu kwa aina. Mifuko ya plastiki ilipungua kwa namna ambayo kila aliyekuwa hapa kabla ya marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 anaikumbuka. Marufuku ya Juni 2020, ya plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi na fuo, bado haijafika kwenye mchanga wetu. Vifuniko vya chupa, mirija, malapa ya mguu mmoja, vipande vya nyavu. Baada ya Idi na Krismasi hesabu huruka.

Lakini kuna takataka nyingine hunifanya nikae chini. Mwezi fulani kijana wa kuokoa waogeleaji alileta chupa yenye maandishi ya Asia ya Mashariki, imeganda vijigamba vidogo pande zote, dalili kwamba imeelea siku nyingi. Mkondo wa bahari uliopo kusini mwa ikweta hutiririka kutoka mashariki kuja magharibi, ukivuka Bahari ya Hindi yote, kisha hufika kwetu na kugawanyika. Mkondo huo ndio ulioleta habari za ndege ya Malaysia ya safari ya MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 na watu 239. Meli na setilaiti zilitafuta. Kipande cha kwanza cha bawa kilionekana Julai 2015 ufuoni kisiwani Réunion, na walioking'amua ni watu waliokuwa wakisafisha pwani. Mwaka uliofuata kipande kingine kikubwa kikapatikana Pemba, hapa jirani kabisa, ambako shangazi zangu wameolewa. Tangu nijue hivyo sijawahi kukubali tena mtu aseme kwamba tunachokiokota ni uchafu tu. Tunakigeuza, tunakisoma, ndipo tunakitia guniani.

Kisha likaja jambo la ukuta.

Mwaka wa 2023, kusi ikielekea kuisha, kiwanja kimoja upande wa kusini wa ngazi kilijenga ukuta mpya wa mawe na zege, ukasogezwa mbele hadi pale ambapo maji ya bamvua hufika. Sitakitaja kiwanja chenyewe. Mwenye mali aliogopa kupoteza bustani yake, na hofu hiyo naielewa, kwani niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe juu ya ile ngazi. Lakini wimbi linalopanda mchanga huchoka lenyewe. Maji hupanda, hupungua nguvu, huzama kati ya chembe, na hurudi polepole. Wimbi linalopiga ukuta halichoki. Nguvu hurudi, huchimba chini ya mguu wa ukuta, na mwishoni mwa ukuta huzunguka na kumla jirani. Na ule mchanga uliokuwa nyuma, ambao kusi ingeuchukua kama mkopo na kuupeleka mbele, sasa umefungiwa ndani. Jirani wa upande wa kaskazini hapati mgao wake. Jirani huyo ni ngazi yetu.

Mwezi wa pili mwaka wa 2024, kaskazi ikiwa imekaa vizuri, tulishuka kuhesabu. Vilivyokuwa chini ya mchanga vilikuwa vitatu.

Nilimpigia Nahodha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mmehesabu vyema?" Tulihesabu vyema. Picha ilikuwa mkononi, na ule mteremko ambao msichana wetu aliusoma ulikuwa umeshuka mita zote za kwanza baada ya jiwe jekundu. Ni hapo nilipoelewa kwa nini ilikuwa lazima tukae mwaka mzima tukipima kitu ambacho mzee alikwisha kutuambia. Bila mwaka ule wa kwanza, mtu yeyote angetujibu kama nilivyojibiwa mimi: ni kusi tu, ngojeni, utarudi. Sasa tulikuwa na kaskazi mbili kwenye daftari moja, na mchanga wa kaskazi ya pili haukurudi.

Mwezi wa tano mwaka huo kikaja kimbunga Hidaya. Kilipiga Tanzania, lakini mawimbi yake yalifika kwetu, na serikali ikapiga marufuku watu kuogelea na kuvua. Hatukushuka. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana hudhani kufuatilia hali ya pwani ni kukimbilia wimbi na simu mkononi. Tulingoja marufuku iondolewe, ndipo tukashuka na fito zetu. Mvinje wa pembeni ya ngazi, ule niliopiga picha ya mizizi yake mwaka wa 2022, ulikuwa umelala majini. Muuza madafu aliukalia, akashika gome lake, hakusema kitu. Alikuwa akifunga baiskeli yake hapo tangu alipokuja Mombasa.

Kitu ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, hakikuwa kimbunga. Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa sita. Mvulana wetu, ambaye kazi yake ni kuhesabu matundu ya kaa wa mchangani ndani ya fremu ya mita moja kwa moja (kaa wale wakipungua ni dalili kwamba mahali pamekanyagwa na kusumbuliwa mno), aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwalimu, njoo uone."

Ilikuwa njia ya kasa. Aliyewahi kuiona haisahau: mstari mpana, pande zote mbili alama za mapezi kama meno ya msumeno, katikati mburuzo wa tumbo. Alitoka majini usiku maji yalipokuwa yamejaa. Alipanda moja kwa moja. Tukaufuata mstari hatua kwa hatua, mvulana upande huu na mimi upande ule, tukiangalia tusiukanyage. Ukafika ukutani. Pale mbele ya zege mchanga ulikuwa umevurugwa, duara moja pana, na kwenye ukuta wenyewe, chini, kulikuwa na mkwaruzo. Kisha mstari ukaenda kando ya ukuta, hatua zangu kumi na saba, nilizihesabu, ukajaribu tena, ukageuka, ukarudi baharini. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na mayai.

Kasa jike huchukua miaka 20 na zaidi, wakati mwingine hata 50, kabla ya kutaga mara ya kwanza, na akiwa tayari hurudi pwani za kule alikoanguliwa yeye. Hutaga mayai mia moja hivi kwa mara moja, hufukia, na kuyaachia joto la mchanga kwa miezi miwili. Joto hilo ndilo linaloamua wangapi watakuwa wa kike, wangapi wa kiume. Kila kitu anamwachia mchanga. Huyu aliyekuja mwezi wa sita huenda alitoka hapa hapa wakati viwanja hivi vilikuwa vichaka na minazi. Pwani aliikumbuka vizuri.

Tulipima upana wa njia, tukapiga picha na fito pembeni, tukawajulisha watu wa KWS. Kwenye daftari msichana wetu aliandika: "Kasa. Alipanda, alifika ukutani, alirudi. Hakutaga." Nilitaka kuongeza maneno, nikaona hayahitajiki.

Tangazo la kiwanja cha pili kutaka kujenga ukuta kama ule lilipotoka, tulikuwa na la kusema. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki kuyatunza. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka ujenzi wa namna hii upimwe athari zake na watu wapate nafasi ya kutoa maoni. Tuliandika kurasa mbili. Tukaambatisha picha zote za jiwe jekundu, zimepangwa kwa miezi, michoro ya mteremko, na ukurasa wa kasa. Wanafunzi ndio waliozipanga, usiku mzima, mezani kwangu, kwa chai na mahamri. Mmoja kati ya waliotusikiliza siku ya maoni alizifungua picha taratibu, moja moja, kisha akazirudia tangu mwanzo. Barua yetu ilipokelewa na kupigwa muhuri. Uamuzi haujatoka ninapoandika haya.

Kaskazi ya mwaka wa 2025 ilifukia kidato kimoja tu. Kusi ikaingia tena.

Bamvua iliyopita Nahodha alisema anataka kushuka nasi. Magoti yake yamechoka, lakini alivaa kikoi chake na kofia, akaja. Alishuka vidato kimoja kimoja, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mvulana wetu. Alipofika cha mwisho akasimama. Kati ya kidato na mchanga kulikuwa na nafasi, na mguu wake haukufika chini. Akauangalia mchanga kwa muda mrefu, akaangalia ukuta upande wa kusini, kisha akakaa pale pale juu ya jiwe, fimbo ikiwa magotini.

"Vingapi?" akauliza.

"Kumi na kimoja, Nahodha. Na shibiri mbili kutoka hapo mpaka mchangani."

"Pimeni tena."

Msichana wetu akapima tena. Shibiri mbili na vidole vitatu.

"Andika," akasema.